Dawa Inayodai Muda: Tafakari juu ya Tiba ya Sonona katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa dawa ambazo daktari humwandikia mgonjwa, dawa za sonona zina tabia moja inayozitenga na nyingine nyingi, nayo ni kwamba haziharakishi kuonyesha kazi yake. Mwenye malaria akimeza dawa mseto kwa siku tatu hutarajia homa ishuke ndani ya siku hizo hizo, na mwenye maumivu ya jino akimeza parasetamoli hutarajia nafuu siku ile ile, ilhali mwenye sonona huambiwa kwamba ahueni itaanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kwamba huenda wiki sita au nane zikapita kabla haijajulikana kwa hakika kama dawa imemfaa. Sonona ni ugonjwa wa akili unaomletea mtu huzuni nzito, au kumwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa muda usiopungua wiki mbili mfululizo, huku usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na uwezo wa kufikiri vikivurugika. Kwa aliyeshikwa nao, usiku mmoja ni mrefu kupita kiasi. Anayeteseka kwa saa hupewa tiba inayohesabiwa kwa wiki, na hatari nyingi za dawa hizi huzaliwa katika pengo hilo, ambalo haliwezi kuzibwa na kidonge peke yake bali huzibwa na watu wanaokaa karibu na mgonjwa, wakiambizana naye ukweli, hadi muda utimie.

Historia ya dawa zenyewe inathibitisha thamani ya kukaa karibu na mgonjwa. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, madaktari waliokuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na uchunguzi huo ukafungua mlango wa kundi la kwanza la dawa za sonona. Miaka michache baadaye, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwafuatilia kwa makini wagonjwa waliopewa imipramini, dawa iliyotarajiwa kutibu maradhi mengine ya akili, akagundua kwamba waliofaidika ni wenye sonona, na akachapisha taarifa yake mwaka 1957. Amitriptilini, ambayo ni ndugu wa imipramini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1961, na fluoksetini, iliyo katika kundi jipya zaidi, iliidhinishwa huko mwishoni mwa mwaka 1987. Dawa hizi mbili za mwisho ndizo ambazo mgonjwa wa Tanzania huelekea kukutana nazo. Hubadilisha kiasi cha serotonini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na mabadiliko hayo huanza ndani ya saa chache, lakini moyo wa mtu hauinuki siku hiyo. Ndiyo maana wataalamu wengi leo hawaridhiki na maelezo mepesi kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja, na hudhani kwamba ubongo hujirekebisha polepole baada ya dawa kuanza kazi.

Watu wa Kilwa hawahitaji kufundishwa kwamba kungoja kunaweza kuwa kazi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo magofu yake yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zilistawi kwa kalenda ya pepo za msimu: chombo kilichoshuka na kaskazi hakikuweza kurejea Uarabuni mpaka kusi ivume, na nahodha aliyeshika njia kinyume cha msimu alihatarisha chombo na roho za watu. Kipindi cha kungoja kilikuwa cha kukarabati tanga, kuziba mianya ya ubao, kununua na kupakia bidhaa. Wiki za mwanzo za dawa ya sonona zina kazi za namna hiyo, na anayezipitisha kwa kukaa tu, bila kuangaliwa na mtu, huwa amekosa nusu ya tiba.

Kazi ya kwanza ni kuyatambua maudhi ya dawa, yaani mabadiliko yasiyotakiwa ambayo huandamana na manufaa yake. Maudhi haya hufika kabla ya nafuu, na mpangilio huo huwavunja moyo watu wengi. Anayeanza fluoksetini anaweza kusikia kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi au kuwa na wasiwasi wa mwili, na mara nyingi hali hizo hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Wengine hupungukiwa na uwezo au hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo huona haya kulisema, na kwa haya hiyo huacha dawa kimyakimya. Anayeanza amitriptilini hukauka kinywa, hufunga choo, husinzia na huona kizunguzungu akisimama ghafla, kwa hiyo dawa hii kwa kawaida humezwa usiku, na anayeitumia hapaswi kuendesha bodaboda wala kuingia baharini na ngalawa mpaka ajue jinsi mwili wake unavyoipokea. Dawa hiyo hiyo huweza kupunguza jasho, kwa hiyo katika joto la pwani la Desemba hadi Machi mtumiaji huhitaji maji na kivuli zaidi ya wenzake. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba anatakiwa aliseme hilo kabla ya cheti kuandikwa, kwa sababu amitriptilini inaweza kuzidisha maradhi hayo. Aliyeambiwa haya yote mapema hutofautisha maudhi yanayopita na dalili za hatari. Asiyeambiwa hudhani amepewa sumu.

Kazi ya pili ni ulinzi, na hapa uzito wa jambo hauruhusu maneno ya mzunguko. Katika wiki za kwanza, na kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, baadhi ya watumiaji, hasa watoto na vijana wenye umri usiozidi miaka 24, wanaweza kupatwa na mawazo ya kujidhuru kwa nguvu zaidi kuliko awali. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo zito kwa watoto na vijana wadogo mwaka 2004, ikalipanua mwaka 2007 lifikie vijana wa umri huo. Onyo hilo halikukusudiwa kuwanyima vijana tiba, kwa sababu sonona isiyotibiwa nayo huua. Lilikusudiwa kumfanya mzazi, mke, kaka au shangazi ajue kwamba mabadiliko ya ghafla, kama vile fadhaa isiyotulia, ukali usio wa kawaida, kukesha usiku kucha au maneno ya kuaga, ni sababu ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Lipo pia onyo la pili: baadhi ya watu wenye sonona huwa na historia ya vipindi vya furaha iliyovuka mipaka, maneno mengi, usingizi mchache na matumizi mabaya ya fedha, na kwa watu hao dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kuwatumbukiza tena katika hali hiyo. Mgonjwa mwenyewe hukisahau kipindi hicho au hukiona cha kawaida, kwa hiyo ushahidi wa ndugu ni sehemu ya vipimo.

Kwa vizazi kadhaa, tiba ya akili katika Tanzania ilimaanisha kupelekwa mbali. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kuwalea wagonjwa wa akili zama za Wajerumani, na Mirembe, Dodoma, ikafuata zama za Waingereza. Kwa familia ya Kivinje au Lindi, majina hayo yalikuwa ya safari ndefu, na wengine hawakurudi. Kidonge kimeileta sehemu kubwa ya tiba nyumbani, na hiyo ni rehema, kwa sababu mgonjwa hubaki na watoto wake, shamba lake na msikiti wake. Lakini pamoja na tiba, ulinzi nao umehamia nyumbani, na familia nyingi hazikuwahi kuambiwa kwamba zimekabidhiwa kazi hiyo. Hospitali ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, huweza kumwona mgonjwa kwa dakika chache kila baada ya wiki kadhaa. Siku zilizobaki zote ni za nyumbani.

Ulinzi wa nyumbani huanzia mahali dawa inapowekwa. Amitriptilini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua kwa kiasi ambacho familia isingekidhania, na mtoto mdogo anaweza kufa kwa vidonge vichache tu. Kwa sababu hiyo daktari mwangalifu humpa mgonjwa aliye katika hatari dawa za siku chache chache badala ya mfuko wa miezi mitatu, na familia huziweka kwenye kasha lenye kufuli, mahali pakavu pasipofikiwa na jua wala mvuke wa jikoni, huku mtu mmoja anayeaminiwa na mgonjwa akishika ufunguo. Kuaminiwa ndilo sharti hapo, kwa kuwa ufunguo ukishikwa kwa masimango mgonjwa hujiona mfungwa, na mtu anayejiona mfungwa huficha hali yake. Uficho huo huongezewa nguvu na sheria, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia huogopa kusema ukweli hospitalini. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba, na uamuzi huo unastahili kutafakariwa na wanasheria wa Tanzania, maana hofu ya polisi haijawahi kumponya mgonjwa yeyote.

Katika pwani ya Lindi, jambo lingine linaloamua usalama ni njia ambayo dawa hupitia. Dawa za hospitali za umma hutoka Bohari ya Dawa, ambayo kanda yake ya kusini ipo Mtwara, na zile za biashara hupandishwa magari Dar es Salaam, huvuka Rufiji katika Daraja la Mkapa, kisha hupita Somanga na Nangurukuru. Mvua za mwaka 2024, zikifuatiwa na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi Mei, ziliikata barabara hiyo, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Anayetumia dawa ya homa anaweza kubadilishiwa nyingine. Anayetumia dawa ya sonona kwa miezi, dawa ikimwishia ghafla, anaweza kupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, hasira za haraka, au mishtuko kichwani inayofanana na ile ya umeme. Mtumiaji wa fluoksetini hupata nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa na hutoka polepole, ilhali mtumiaji wa amitriptilini huhisi upungufu mapema. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hali yake imetulia anastahili kurudi kituoni kabla vidonge havijaisha, na hasa kabla ya masika, na mhudumu anayempa tarehe ya kurudi afikirie pia kama siku hiyo njia itapitika.

Njia ikifungwa au nauli ikikosekana, jicho huelekea duka la dawa muhimu. Maduka haya, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewaokoa watu wengi wa vijijini, lakini muuzaji wake ameruhusiwa kuuza dawa zilizomo katika orodha yenye mipaka, wala hana mamlaka ya kuandika cheti cha dawa, yaani maagizo ya daktari yanayotaja jina la dawa, kipimo chake na muda wake. Hatari ya karibu zaidi ni dawa ya jirani. Amitriptilini huandikwa pia, kwa kipimo kidogo, kwa wenye miguu inayowaka au kufa ganzi kutokana na maradhi ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu anayeumwa sonona anaweza kuikuta katika nyumba ya pili, akapewa kwa wema, akameza kipimo kisicho chake bila yeyote kujua kama moyo wake una ugonjwa. Wema wa jirani ungefaa zaidi ukiwa nauli ya kumfikisha kituo cha afya.

Mgonjwa wa pwani mara chache huwa na dawa moja tu mwilini, na hapa kusema ukweli kuna uzito kuliko popote. Lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini, na zote mbili huweza kugusa mapigo ya moyo, kwa hiyo anayetibiwa malaria ataje dawa ya sonona kabla ya kupewa nyingine, asiiache wala kuinyamazia. Tramadoli, inayotumiwa kwa maumivu, ikikutana na dawa za sonona inaweza kuzidisha serotonini kupita kiasi, na linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina hatari kubwa zaidi ya hiyo. Dalili za serotonini iliyozidi ni kutetemeka, jasho jingi, homa, misuli kukakamaa, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa, na tiba yake ni hospitali, mara moja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wavuvi na wabeba mizigo huzimeza kwa maumivu ya mgongo, zikitumiwa pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Uraka unaotengenezwa kwa mabibo wakati wa msimu wa korosho, nipa inayotokana nao na tembo la mnazi huzidisha usingizi wa amitriptilini na huizidisha sonona yenyewe. Mja mzito na anayenyonyesha nao waseme mapema, wala wasiache dawa kwa hofu, kwa sababu daktari anaweza kupima hatari ya dawa dhidi ya hatari ya ugonjwa na, ikibidi, kuchagua dawa nyingine kama sertralini.

Ukweli huo unahusu pia tiba za jadi na za dini. Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi, mtu aliyenyong'onyea husemwa pengine kwamba ameingiwa na jini, naye hupelekwa kwa shekhe akasomewe au anywe kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya, ama kwa mganga wa miti shamba. Anayedharau njia hizi hospitalini hupata jambo moja tu: mgonjwa huendelea nazo na huacha kuzitaja. Kisomo hakigombani na kidonge, na mgonjwa anayesomewa akiwa amezungukwa na jamaa hupata faraja ambayo hakuna daktari anayeweza kuiandika katika cheti. Dawa ya mizizi ni suala jingine, kwa kuwa inamezwa na huingia katika damu ile ile, na baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa za hospitali; kwa hiyo itajwe, na ikiwezekana isimamishwe. Shekhe anayemwambia mgonjwa aendelee na vidonge vyake huku akimwombea dua huwa amefanya kazi ya mlinzi, na waganga na mashekhe wa namna hiyo wanastahili kutafutwa na wahudumu wa afya kama washirika.

Mwezi wa Ramadhani huufanya ushirika huo uwe wa lazima. Wagonjwa wengine huacha dawa siku ya kwanza ya mwezi kwa kuogopa kuharibu funga, na katikati ya mwezi hurudi gizani. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yake kutofunga ikiwa funga itamdhuru, na kwa walio na nguvu za kufunga, dawa hizi nyingi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo kidonge cha asubuhi kinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, na kile cha usiku kubaki mahali pake. Uhamisho huo upangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ni kwamba dozi iliyosahauliwa hailipwi kwa kumeza mbili kwa pamoja.

Mtihani wa mwisho huja pale mgonjwa anapojisikia mzima. Amerudi sokoni, anacheka, analala, na vidonge vinaonekana kuwa ukumbusho wa jambo analotaka kulisahau. Kuacha hapo ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa, kwa sababu katika miezi ya kwanza ya afya sonona hurudi kwa urahisi, na miongozo ya tiba hushauri dawa iendelee kwa miezi sita hadi mwaka mmoja baada ya nafuu kukamilika, na zaidi kwa mtu ambaye ugonjwa umekwisha kumrudia. Siku ya kuacha ikifika, kipimo hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi ule ule wa siku za mwanzo. Dalili za kuacha ghafla hazimaanishi kwamba mtu amekuwa mtumwa wa dawa kama mlevi alivyo mtumwa wa pombe. Ni mwili uliozoea msaada unaohitaji kupewa nafasi ya kusimama wenyewe.

Masharti haya yote, ya kipimo, ya kasha, ya barabara, ya mwezi mtukufu, yanarudi kwenye wajibu mmoja ambao hauwezi kuachiwa mgonjwa peke yake, kwa kuwa ugonjwa anaougua unakula nguvu zile zile za subira, kumbukumbu na matumaini ambazo masharti hayo yanazidai. Kumkabidhi mtu mwenye sonona mfuko wa vidonge na kumwambia avimeze ni kumdai kile alichonyang'anywa. Kwa hiyo dawa hutolewa kwa usalama pale tu inapotolewa pamoja na maelezo yaliyonyooka, tarehe ya kurudi, na jina la mtu wa nyumbani atakayemkumbusha, atakayemsikiliza bila kumkemea na atakayeinuka usiku kumpeleka hospitali ikibidi. Zahanati zinazokosa wataalamu wa akili zinaweza kufanya hayo matatu, kwa sababu hayahitaji mashine wala bajeti kubwa. Yanahitaji mhudumu anayeamini kwamba huzuni ya mvuvi wa Kivinje au ya mama mlimaji wa Nangurukuru ni ugonjwa unaotibika, na kwamba anayetibiwa ana haki ya kutoachwa peke yake mpaka dawa ifanye kazi yake.